Gobore la Bouchaib na Kitako Kilichokatwa

Ulad Rahhu, Dukala
6 Februari 2009

Shangazi yangu mpendwa Lalla Hadda,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye jua la dirishani, magoti yametulia. Sisi huku tu wazima. Fatna anakusalimu, Rabha anakubusu mikono, na mtini wa nyuma ya zizi umeanza kuchipua kana kwamba haujasikia kuwa bado ni baridi. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilipayuka mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa, nawe ukanijibu, "Ndiyo, mwanangu, nimeshakula." Bora tuandikiane.

Hitima ya arobaini ya baba imekwisha salama. Watu walijaa mpaka uani. Wazee walikula, wakaomba dua, kisha kama kawaida hakuna aliyeondoka bila kusimulia ule mlio wa mwaka arobaini na sita: wapanda farasi kumi na mmoja wakikimbia sambamba, magobore kumi na moja yakifyatuliwa pamoja, mlio mmoja, na baba katikati ya mstari. Nina miaka hamsini na miwili, shangazi, na sokoni bado naitwa mtoto wa Bouchaib wa Mlio Mmoja. Sijawahi kuchoka kuitwa hivyo.

Sasa jambo lenyewe. Pampu ya kisima imekufa, na fundi anasema ametibu wagonjwa wengi lakini hafufui maiti. Katika waliokuja kwenye hitima alikuwapo mtu wa Marrakesh, Bwana Tibari, anayenunua vitu vya kale. Alilitazama gobore la baba ukutani, akaacha nyama yake kwenye sahani, nami nikajua ameona kitu, maana si mtu wa kuacha nyama. Anasema likiwa ni lile analolidhania, na kama halijaguswa na mtu, atanipa dirhamu elfu thelathini. Ameahidi kurudi Aprili kulipima.

Mimi silijui gobore hilo zaidi ya kulifuta vumbi. Wewe ndiwe msomi wetu, na ulikua nalo nyumba moja. Ni gobore gani? Lina thamani gani? Na mbona kitako chake ni kifupi hivyo? Nikilitia begani najiona kama nimeshika la mtoto.

Mwanao,
Jilali


Wajda
20 Februari 2009

Mwanangu Jilali,

Wa alaykum salaam, na Mungu amlaze kaka yangu mahali pema. Mimi nipo. Mpwa wa jirani ananisomesha dawa zangu kila asubuhi kama mwanafunzi wa darasa la kwanza: ya njano, nyeupe, nyeupe tena. Miaka thelathini na tano nilifundisha watoto wa mji huu kusoma, sasa wao wananifundisha kumeza. Mwambie Fatna mkate wake wa semolina ulifika umevunjika, nikaula kwa kijiko.

Kabla hujafanya lolote, hakikisha gobore halina baruti ndani. Usicheke. Chukua ile fimbo ya kushindilia, itumbukize mtutuni mpaka igote, utie alama ya kidole pale kwenye mdomo. Kisha itoe, uilaze juu ya mtutu kwa nje. Ikifika mpaka kwenye tundu la moto, ndani hamna kitu. Ikiishia kabla, liweke chini polepole, uwatoe watu nyumbani, umwite fundi wa magobore.

Likiwa tupu, funga kitambaa chenye mafuta kwenye ncha ya fimbo, kikaze vizuri, ukisukume ndani. Fimbo ikijizungusha mkononi mwako, basi ndani mna mifereji, na hilo ni gobore la askari wa Ulaya lililovishwa fedha yetu. Ikishuka wima bila kugeuka, mtutu ni laini, na ni la kwetu. Halafu tazama kando ya tundu la moto. Kama pana kichuchu cha chuma cha kuvishia fataki, basi mtambo wake umebadilishwa, maana magobore ya zamani yalipigwa kwa jiwe la gumegume.

Niandikie utakachokiona. Na mtini mpogoe, usiubembeleze.

Shangazi yako,
Hadda


Ulad Rahhu
9 Machi 2009

Shangazi mpendwa,

Tumefurahi kusikia umekula mkate, hata kama kwa kijiko. Huku mvua imenyesha siku mbili, maharage yamesimama. Mtini nimeupogoa, Fatna hasemi nami.

Nilifanya kama ulivyoagiza. Nilipotamka tu neno baruti, Fatna alitoka na kuku, na mbuzi, na runinga. Lakini fimbo ilifika mpaka kwenye tundu. Hamna kitu. Kisha tukaweka kitambaa, Rabha akasukuma, mimi nikashikilia.

"Inageuka, baba?"

"Haigeuki."

"Labda wewe ndiye unayeizuia. Umeibana kama unamkaba mwizi."

Tukabadilishana, akashikilia yeye. Ikashuka wima. Na kichuchu cha fataki kipo. Pembeni ya mtambo kuna matundu mawili yaliyozibwa. Mikanda ya fedha ni kumi na miwili, yote ya zamani isipokuwa mmoja, ule wa kwenye kitako, ambao maua yake hayafanani na mengine. Kwa nini? Na ule ufupi, hukunijibu.

Jambo jingine. Rabha ametimiza kumi na saba na ameingiwa na wazimu. Huko mjini wasichana wameunda kikosi, wanapanda farasi na kupiga magobore kama wanaume, nao wataruhusiwa kuingia uwanjani kwenye musemu wetu wa Agosti, sherehe ya walii. Anataka aende nao, tena na gobore la babu yake. Nimemwambia gobore hilo halijawahi kubebwa na mwanamke tangu lilipotengenezwa, na halitaanzia kwake. Baba aliliheshimu mno. Unakumbuka alivyokuwa akisimulia, na mwisho anakugeukia wewe uliyeshika birika: "Sivyo, Hadda?" Nawe unajibu, "Ndivyo, kaka." Nyumba nzima ilisubiri hapo, kama watu wanavyosubiri amina.

Mwanao,
Jilali


Wajda
25 Machi 2009

Mwanangu,

Mkono wangu leo ni mzito, kwa hiyo nitaandika kwa ufupi. Msalimu Fatna, mwambie mti uliopogolewa humshukuru mkataji mwaka wa pili.

Gobore lako ni la mafundi wa Sus, kule kusini. Mtutu laini, mrefu, mikanda mingi ya fedha: wao ndio walioyatengeneza hivyo. Lilizaliwa likiwa la gumegume, na matundu yaliyozibwa ndipo ulipokaa mtambo wake wa kwanza. Babu yangu, yaani babu wa baba yako, ndiye aliyeligeuza la fataki, kwa sababu jiwe humfedhehesha mtu siku ya upepo. Kwa hiyo lina umri wa miaka mia moja na hamsini hivi, pengine zaidi. Si la sultani wala si la askari, ni gobore la sherehe. Tibari akikuambia ni la sultani, mwongezee nyama tu.

Kuhusu Rabha: anapandaje? Je, farasi anamsikiliza? Niambie hilo kwanza.

Nimechoka, acha nilale.

Hadda


Ulad Rahhu
28 Aprili 2009

Shangazi,

Salamu kutoka kwa sote. Ng'ombe amezaa jike. Nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe herufi zangu.

Bwana Tibari amekuja. Alikula kwanza, kisha akavaa miwani mingine juu ya miwani yake, akalilaza gobore juu ya zulia. Alisema kila ulichosema wewe, la Sus, la gumegume likageuzwa, nami nikajiona mtu mwenye shangazi. Halafu akafika kwenye kitako. Akauondoa mkanda ule wenye maua tofauti, akaguna.

"Bwana Jilali, nani katika familia yako alikuwa adui wa gobore hili?"

"Kwa nini?"

"Limekatwa. Tazama, huu ni msumeno wa seremala, tena wa kukatia matawi. Upana wa kiganja umeondoka, halafu wakaficha jeraha kwa mkanda. Nilikuwa nanunua bibi harusi, kumbe hana mguu."

Kutoka elfu thelathini ameshuka hadi elfu nne. Elfu nne hazinunui hata mpira wa pampu! Nimewauliza wazee wote, hakuna anayejua. Baba alikuwa mtu mzima mwenye mikono mirefu, hangeweza kupiga na kitako cha namna hii bila kujivunja pua. Kwa hiyo lilikatwa baada ya siku yake kubwa, na mtu asiyejua thamani.

Rabha alilichukua akalitia begani mbele ya Tibari. Lilimkaa kama limeshonwa na fundi nguo. Tibari akacheka, mimi sikucheka. Nililirudisha ukutani nikamwambia neno la mwisho: hapandi. Hasemi nami sasa. Kwa hiyo wanawake wote wa nyumba hii wamenisusa, amebaki ndama.

Umeniuliza anapandaje. Anapanda vizuri kuliko mimi, na hilo halihusiki.

Shangazi, wewe unajua nani alikata kitako. Nimekuuliza mara mbili, hii ya tatu.

Jilali


Ulad Rahhu
30 Mei 2009

Shangazi mpendwa,

Ni mwezi umepita bila barua. Kama nilikuudhi, nimekosa, na gobore liende likatafunwe na mchwa. Jirani yako ameniambia kwa simu kwamba ulilazwa hospitali, ukawagombeza wauguzi kwa makosa ya tahajia kwenye cheti cha kitandani, nikajua una nafuu. Andika hata mstari mmoja.

Jilali


Wajda
17 Juni 2009

Mwanangu Jilali, tunda la kaka yangu,

Hukuniudhi. Moyo wangu ulitaka kustaafu, wakaukatalia. Daktari kijana alinieleza hali yangu kwa upole mno, ndipo nilipofahamu kwamba safari si ndefu. Nimekula, nimesali, nimekalishwa kwenye jua lako la dirishani. Sasa nisikilize, maana sitaki kuondoka na jambo hili, na baba yako hayupo tena wa kuona haya.

Aliyekata kitako ni baba yangu, kwa msumeno wake wa matawi, zizini, huku mimi nimeshika ncha ya pili. Alinipima kwanza. Alinikunjisha mkono wangu wa kulia, akaweka kitako kwenye kiwiko, akatia alama kwa makaa. Gobore lilikatwa kwa ajili ya mkono wangu.

Ulikuwa mwaka uliofuata ile njaa kubwa. Mvua ilirudi, watu walirudi, na musemu, ambao mwaka ule ulifanywa Septemba, ulikuwa wa kwanza baada ya muda mrefu. Baba ndiye aliyekuwa mukadamu, kiongozi wa kikosi chetu. Wiki chache kabla ya musemu, baba yako alipanda juu ya paa kumfukuza jogoo. Jogoo aliruka, Bouchaib naye akaruka, lakini jogoo ana mbawa. Alivunjika mtulinga.

Kikosi kikabaki watu kumi. Na hapo sokoni, Kabbur wa Ulad Zidu, kikosi cha wapinzani wetu, kijana mwenye mdomo, akamzuia baba mbele ya watu: "Mukadamu, nasikia mtakuja kama punda aliyekatwa sikio!" Baba akajibu kuwa Bouchaib amechubuka tu, atapanda. Lakini mwanaume mwingine wa kupanda Lazrak hatukuwa naye. Unakumbuka habari za Lazrak, yule farasi wa kijivu? Alikuwa anawakubali kwa hiari watu wawili tu duniani, baba na mimi. Bouchaib alimng'ata mara tatu. Namaanisha Lazrak alimng'ata Bouchaib, ingawa mara moja ilikuwa kinyume chake.

Baba hakuniomba. Alisema tu, akitazama pembeni, "Wewe unaporudi kutoka kisimani humkimbiza farasi huyu ukidhani sioni."

"Simkimbizi, baba, yeye ndiye hukimbia."

"Basi kesho mtakimbia wote, nikiwa natazama."

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulifanya mazoezi bondeni, mbali na watu. Ugumu si kupanda, mwanangu, wala si kupiga. Ugumu ni kuachia ndani ya pumzi moja na wengine. Ukitangulia, umewaaibisha watu kumi. Ukichelewa, ni vilevile. Baba alikuwa akipiga makofi na mimi nikivuta kifyatulio bila baruti, kofi, mlio, kofi, mlio, mpaka hatukuweza kujua kipi ni kipi.

Siku yenyewe nilivaa nguo nyeupe za Bouchaib, kilemba nikakizungusha mpaka juu ya pua. Baba akawatangazia wenzake: "Bouchaib anaumwa jino, taya limevimba, msimsemeshe." Tukakimbia. Nilisimama juu ya vikuku vya tandiko, nikaona masikio ya Lazrak na vumbi, na kando yangu baba akapaza sauti. Nikaachia. Sikusikia magobore kumi na moja. Nilisikia moja, na nikadhani ni langu peke yangu, nikadhani nimetangulia, nikataka kufa. Kisha wanawake wakapiga vigelegele, nikaelewa.

Watu walinivamia kunipongeza. Kabbur mwenyewe alinipiga mgongoni, "Bouchaib, leo umetuziba mdomo!" Baba ananivuta kwa mkono huku anapiga kelele, "Jino! Jino!" Na baba yako alikuwa zizini, amesikia mlio, anakula tikiti maji kwa mkono mmoja na machozi yanamtoka. Mwezi mzima aliyavaa mavazi ya uongo wetu: mkono ndani ya jalabia ya sufu, na akiulizwa, anasema ana baridi. Kwenye joto lile!

Jioni ile kabla ya magharibi baba aliniambia, "Taja unachotaka." Alikuwa ameshanitoa shule na kupanga kuniozesha. Nilikuwa nimesoma Kazablanka kwa mama mdogo miaka michache tu, nikarudishwa. Nikasema, "Nataka kurudi shule, mpaka nitakapoacha mwenyewe." Alikipapasa kitako kilichokatwa. Akasema, "Mlio umelipa." Nilirudi shule mwezi ule ule.

Unaniuliza thamani ya gobore. Madarasa yote niliyosimama mbele yake, kila mtoto wa Wajda anayesoma jina lake dukani, vimetoka kwenye mtutu ule. Tibari aseme elfu nne. Kitako kilipokatwa ndipo gobore lilipopanda thamani, ila si kwa watu wanaopima kwa miwani miwili.

Na baba yako? Mkataba wetu ulikuwa rahisi: yeye achukue sifa, mimi nichukue shule. Hakunidhulumu. Kila mwaka aliposimulia aliongeza kipande, mara upepo, mara nyoka njiani, na mwisho alinigeukia, "Sivyo, Hadda?" Ulidhani alikuwa anatafuta shahidi. Alikuwa ananipa haki yangu mbele ya watu wote, kwa njia pekee aliyoiweza. Nami nilijibu "Ndivyo, kaka" na kumjazia glasi yake kabla ya wengine. Tulicheka kwa macho tu. Sijawahi kufurahia siri kama ile.

Najua nimekunyang'anya kitu, wewe uliyekua ukiitwa mtoto wa Mlio Mmoja. Nisamehe. Lakini wewe ulimwambia msichana kwamba gobore hilo halijawahi kubebwa na mwanamke, nami siwezi kufa nikiwa nimeiacha sentensi hiyo bila kuisahihisha.

Naomba mambo mawili. Rabha aambiwe. Watu wengine wasiambiwe. Mwache Bouchaib na mlio wake, ameutunza vizuri. Na kabla Rabha hajatia baruti, fundi aukague mtutu, kwa sababu chuma nacho huzeeka.

Wako, mwenye mkono uleule wa kulia,
Hadda


Ulad Rahhu
10 Agosti 2009

Shangazi yangu,

Salamu zangu leo ni fupi kwa kuwa habari ni ndefu. Sote wazima, mtini umezaa mpaka matawi yameinama, na Fatna amenisamehe.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kisima kisicho na maji. Siku mbili nilijitenga shambani. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira na baba. Siku ya pili nilimkumbuka na jalabia yake wakati wa joto, nikacheka peke yangu mpaka ndama akakimbia. Kisha nikamwita Rabha, nikampa barua. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye msumeno akakaa chini. Kisha alikwenda akalitoa gobore ukutani, akalitia begani, akaweka shavu pale shavu lako lilipokuwa.

Fundi ameukagua mtutu, amesema una afya kuliko yeye. Pampu nimeinunua ya mkono wa pili kwa kuuza ndama, nimelia kidogo.

Jana ndiyo ilikuwa siku. Mbio ya kwanza ya wasichana, shangazi, sitakudanganya: ilikuwa bisi kwenye sufuria. Pa, papa, pa. Wanaume walicheka. Mmoja nyuma yangu akasema, "Warudi jikoni wakazile." Niligeuka nikamwambia ale mwenyewe. Rabha alipita mbele yangu akirudi kwenye mstari, jasho na vumbi, nikamwonyesha viganja vyangu, nikapiga kofi moja. Akaelewa. Nilimwona anawaambia wenzake kitu, wakasogeza farasi goti kwa goti.

Mbio ya pili walikuja. Walisimama juu ya vikuku, mukadamu wao msichana akapaza sauti. Na ukatoka mlio mmoja, shangazi. Mmoja. Ndege waliruka kutoka kwenye kuba la walii, halafu kimya, halafu vigelegele mpaka sikuweza kusikia kilio changu mwenyewe.

Karibu yangu alikuwa amekalishwa Mzee Kabbur wa Ulad Zidu. Ana miaka tisini na mdomo bado ni uleule. Alinishika nguo.

"Jilali! Yule wa katikati, mwenye lile gobore fupi. Ni nani?"

"Binti yangu, mzee."

"Nilikuwapo mwaka arobaini na sita. Lile bega, ile shingo, namna anavyosubiri kabla ya kuachia. Nakuapia, amefanana kabisa na aliyepiga siku ile!"

Nikasema, "Amefanana naye kabisa, mzee."

Sikuongeza neno, kama ulivyoagiza. Alinipiga mgongoni kwa nguvu aliyobaki nayo, na nikawaza kwamba mgongo wa kwanza aliopiga hivyo ulikuwa wako.

Wageni walijaa nyumbani baadaye. Nilisimulia mimi, kwa kuwa baba hayupo. Nilisimulia arobaini na sita, na upepo, na nyoka, kisha nikasimulia jana. Rabha alikaa kama mgeni, na glasi ya kwanza nilimjazia yeye, mimi mwenyewe nikiwa na birika mkononi. Nilipofika mwisho watu wote wakanitazama, wakisubiri, na mahali pako palikuwa patupu.

Kwa hiyo nakuuliza kwenye karatasi. Ulikuwa mlio mmoja, na aliyekuwa katikati ya mstari hakutangulia wala hakuchelewa.

Sivyo, shangazi?

Jilali


Wajda
22 Agosti 2009

Ndivyo, mwanangu.

Hadda